Gari la Zamani Lililofufuliwa Linapokataa Kuwaka: Namna ya Kutafuta Hitilafu ya Stata na Mfumo wa Cheche

Gari la zamani lililovunjwa lote, likafanyiwa ovaholi ya injini, likapigwa rangi na kufungwa upya, linapokataa kuwaka huwa na sababu tofauti na zile za gari la umri huohuo ambalo halijawahi kufunguliwa. Gari ambalo halijaguswa huchakaa polepole, na kwa kawaida hutoa dalili mapema kabla ya kulala barabarani. Gari lililofufuliwa linaweza kuwa na stata mpya (mota inayoizungusha injini ili iwake), betri mpya na koili mpya (inayozalisha umeme wa cheche), na bado likakaa kimya, kwa kuwa hitilafu imejificha pale vifaa viwili vinapoungana, mahali ambapo mkono wa fundi ulipita. Swali la kwanza, basi, ni kipi kiliguswa wakati wa matengenezo, na la pili ni mita inasema nini. Swali la wapi stata inauzwa kwa bei nafuu linaweza kusubiri.

Mwongozo huu unayalenga magari yanayofufuliwa katika gereji za Mwanza, kuanzia Mabatini na Nyakato hadi Igoma na Buhongwa. Mifano mingi itatoka kwenye Land Rover Series III ya petroli yenye injini ya lita 2.25, aina iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, lakini njia ya kupima ni ileile kwa Peugeot 504, kwa Land Cruiser za zamani na kwa pikapu nyingine za zama hizo. Utahitaji multimita ya kawaida, balbu ya volti 12 iliyoungwa nyaya mbili kwa ajili ya kupimia, spana, bisibisi, brashi ya waya, msasa, kebo za kubustia betri na msaidizi mmoja wa kukaa kwenye usukani.

Kabla ya kugusa chochote

Weka gia nyutro, vuta breki ya mkono, kisha zuia matairi kwa mawe, ambayo katika mji huu hayana uhaba. Jambo hili si la kupuuzwa, kwa sababu baadhi ya vipimo vinafanyika mtu akiwa mbele ya gari au chini yake, na gari lililoachwa kwenye gia husogea mara tu stata inapozunguka. Vua pete na saa ya chuma. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, hivyo usiiinamie ukiwa na sigara wala usiirukishe cheche karibu yake. Unapofungua betri, anza na waya wa upande wa athi (upande ulioungwa kwenye chuma cha gari), na unapofunga, maliza na huohuo.

Thibitisha pia ni upande upi wa betri unaokwenda kwenye athi. Magari mengi ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 yalikuwa na athi chanya, na wapo mafundi wanaoyafunga kwa mazoea ya athi hasi bila kuangalia. Series III imetoka kiwandani na athi hasi, lakini bodi ya Series III inaweza kuwa imekalia chesisi na nyaya za gari la zamani zaidi, kwa hiyo angalia kwa macho yako.

Hatua ya kwanza: sikiliza

Mwombe msaidizi ageuze ufunguo nawe ukiwa karibu na injini. Ukimya mtupu, huku taa za dashibodi zikiendelea kuwaka vizuri, unaelekeza kwenye swichi ya ufunguo, waya mwembamba wa solenoidi (swichi kubwa ya stata inayoamriwa na ufunguo) au athi. Mlio mmoja mzito wa “tak” kisha kimya unamaanisha kuwa solenoidi imevuta lakini umeme mkubwa haufiki kwenye stata, au umefika na stata imekwama. Mlio wa haraka wa “ta-ta-ta-ta” kwa kawaida ni betri dhaifu au muungano mbaya. Stata ikizunguka kwa kasi huku injini imetulia, gino lake (gia yake ndogo) halishiki meno ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini). Injini ikizunguka kwa nguvu zake zote na isiwake, ruka moja kwa moja hadi kwenye hatua ya sita, kwa maana stata haina kosa lolote.

Hatua ya pili: betri

Pima betri ikiwa imepumzika kwa saa chache bila kuchajiwa wala kutumika. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni takribani nusu, na 12.0 au chini ni betri isiyostahili kutumika kumhukumu mtu wala kifaa. Kipimo hicho peke yake hakitoshi. Chomoa waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili, uufunike usiguse bodi, ili injini isiwake, kisha msaidizi apige stata kwa sekunde kama kumi huku ukisoma volti kwenye nguzo zenyewe za betri. Zikibaki juu ya 9.6, betri ni nzima. Zikiporomoka hadi 7 au 8, ama betri imechoka, ama stata inavuta umeme kupita kiasi.

Nguzo zenye unga mweupe au wa kijani zioshwe kwa maji ya moto yenye magadi, kwa uangalifu kwamba maji hayo yasiingie ndani ya betri, kisha zikwanguliwe hadi ziwe na rangi safi ya risasi.

Hatua ya tatu: athi, palipo na kesi nyingi

Umeme unaotoka betri kwenda kwenye stata ni lazima urudi, na njia yake ya kurudi ni chuma cha injini, waya mnene wa kusuka unaounganisha injini au giaboksi na chesisi, na waya wa kutoka chesisi kwenda kwenye betri. Injini imekalia raba, na raba haipitishi umeme. Waya ule wa kusuka usipokuwepo, au ukiwa umefungwa juu ya rangi, umeme wa ampea mia na zaidi hutafuta njia nyingine yoyote.

Hapa ndipo gari lililofufuliwa linapojiponza. Chesisi imekwanguliwa kutu, ikapigwa praima na rangi mbili za mafuta, ikang’aa. Injini nayo ikapuliziwa rangi ya fedha pamoja na kila tundu la bolti. Kisha nyaya za athi zikafungwa juu ya urembo huo wote. Rangi ni kizuizi kizuri sana cha umeme. Bolti hupitisha kiasi kidogo kupitia meno yake, kinachotosha kuwasha taa na kupiga honi, na kwa sababu hiyo mwenye gari huamini kuwa umeme wake uko sawa. Stata inapodai chake, njia hiyo nyembamba inashindwa.

Pima hivi. Weka mita kwenye volti za umeme wa moja kwa moja (DC). Ncha moja iguse nguzo hasi ya betri, ikiwa gari lako ni la athi hasi, na nyingine iguse chuma kitupu cha bodi ya stata. Msaidizi apige stata. Ukisoma 0.2 au chini, athi ni nzuri. Ukisoma volti nzima au zaidi, umeipata hitilafu, nayo utaibainisha kwa kusogeza ncha ile ya pili hatua kwa hatua: kwanza kwenye injini, kisha kwenye chesisi upande wa pili wa waya wa kusuka, kisha kwenye kichwa cha waya wa betri. Mahali ambapo kipimo kinashuka ghafla ndipo pa kukwangua.

Ipo dalili nyingine isiyohitaji mita. Baada ya kupiga stata mara kadhaa, gusa kwa tahadhari waya wa choki au wa akseleta. Ukiwa wa moto, au ukiona moshi mdogo kwenye ganda lake, umeme wa stata unarudi kwa kupitia humo kwa kukosa njia yake halali. Kebo hizo huungua na kukaza, na siku moja utajikuta unalaumu kabureta.

Ikiwa huna mita kabisa, chukua kebo moja ya kubustia, ifunge kutoka nguzo hasi hadi kwenye chuma kitupu cha injini, kisha ujaribu tena. Injini ikizunguka kwa nguvu, stata na betri havina kosa, na aliyekwambia “Bosi, hii stata imekufa, tutafute nyingine” alikuwa anakisia. Tiba yake ni kukwangua rangi hadi chuma king’ae, pande zote mbili za muungano, kuweka washa yenye meno, kukaza vizuri, na baada ya kukaza ndipo upake grisi juu yake ili unyevu usiingie. Ziwa letu ni la maji baridi, hivyo hatuna chumvi ya hewani inayowasumbua wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam. Lakini gari linalobeba samaki wa chumvi na barafu kutoka mwalo wa Kirumba linajimwagia chumvi lenyewe, na athi zake zikaguliwe mara nyingi zaidi.

Hatua ya nne: upande wa chanya, solenoidi na ufunguo

Kipimo ni kilekile. Ncha moja kwenye nguzo chanya, nyingine kwenye bolti kubwa ya stata ambako umeme unaingilia, kisha stata ipigwe. Upotevu wa hadi volti 0.5 kwa njia nzima unakubalika. Ukizidi, pima kipande kwa kipande, ukianza na kichwa cha betri, kisha kebo, kisha bolti mbili kubwa za solenoidi. Solenoidi inayopoteza volti nzima kati ya bolti zake mbili wakati imevuta ina sahani ya ndani iliyoungua.

Kwenye stata nyingi bolti kubwa inayotoka betri huandikwa 30, na ile ndogo inayopokea amri ya ufunguo huandikwa 50. Pima kwenye 50 ufunguo ukiwa umegeuzwa kwenye kupiga stata. Kama hakuna kitu, au kuna volti 6 au 7 tu, kosa liko kati ya ufunguo na solenoidi. Ushahidi wa kawaida katika gari lililofungwa nyaya upya ni waya mwembamba wa kuwekea umeme nyumbani, uliosokotwa na mwingine na kufunikwa kwa utepe. Solenoidi huvuta ampea nyingi mwanzoni, na waya kama huo, pamoja na swichi ya ufunguo iliyochakaa, hauwezi kuibeba. Badilisha waya kwa mnene zaidi, na ikiwezekana weka releyi (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ili swichi ya ufunguo ibebe kazi ndogo tu. Gari la gia za kujiendesha lina pia swichi inayozuia stata kupiga kama lever ya gia haiko kwenye P (kuegesha) au N (nyutro). Jaribu kwenye N kabla ya kufungua chochote.

Kuziunganisha bolti kubwa za solenoidi kwa bisibisi ni njia inayopendwa na vijana wa gereji, nayo hufanya kazi, lakini cheche zake ni kali na gari likiwa kwenye gia litakupitia. Iache, mita inakupa jibu hilohilo.

Hatua ya tano: stata yenyewe

Kuna aina mbili. Ya kwanza ina solenoidi mgongoni, nayo hulisukuma gino lake kwanza kwenye meno ya flaiwili ndipo izunguke. Ya pili, inayopatikana kwenye Land Rover nyingi za zamani za petroli, haina solenoidi mgongoni. Solenoidi imefungwa kwenye bodi, na gino hurushwa mbele na mzunguko wenyewe juu ya mhimili wenye meno ya mshazari. Aina hii ya pili ikizunguka bila kushika, mara nyingi mhimili una vumbi lililochanganyika na mafuta. Usafishe kwa mafuta ya taa, uukaushe, wala usiupake grisi wala oili, kwani vumbi la barabara zetu litaugandia tena baada ya muda mfupi. Ikiwa gino limekwama ndani ya meno ya flaiwili, zima ufunguo, na tazama ncha ya nyuma ya stata: nyingi zina mhimili wa pembe nne uliofunikwa kwa kikombe kidogo, nao ukizungushwa kwa spana hulikwamua.

Kabla ya kuishusha stata, hakikisha injini yenyewe inazunguka. Injini iliyotoka ovaholi, yenye ringi na beringi mpya, huwa nzito, na stata ya kawaida huilalamikia siku za mwanzo. Fungua plagi zote na uizungushe kwa spana kwenye nati ya puli ya krankishafti, au kwa mpini wa kuzungushia kama gari lako bado lina wake. Ikigoma kabisa, shida ni ya injini, na kuendelea kupiga stata ni kuunguza stata bure. Ikizunguka na mafuta au maji yakaruka kutoka kwenye tundu la plagi, umeiokoa fito ya pistoni isipinde. Ushikapo mpini, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini, kwa sababu injini ikirudisha teke huvunja kidole.

Stata ikishushwa, angalia urefu wa kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), usafi wa komuteta (sehemu ya shaba inayoguswa na kaboni) na ulegevu wa bushi. Bushi zilizolegea huruhusu armicha (sehemu inayozunguka) iguse mwili wa stata inapopata joto, na hiyo ndiyo stata inayopiga vizuri asubuhi na kugoma baada ya kutoka Magu hadi Kisesa. Bushi na kaboni ni vitu vya bei ndogo, na fundi mzuri wa umeme wa magari huvibadilisha bila kukuuzia stata nzima. Gari likiwa limezoea kurudishwa kinyumenyume hadi majini ufukweni ili lioshwe, usishangae kukuta tope ndani ya stata.

Hatua ya sita: cheche

Injini inazunguka vizuri na haiwaki. Rudisha waya wa koili kama ulikuwa umeuchomoa. Fungua plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze ikigusa chuma kitupu cha injini, mbali na tundu na mbali na harufu yoyote ya petroli, kisha stata ipigwe. Cheche inayotakiwa ni ya bluu na yenye mlio. Cheche nyekundu nyembamba ni dhaifu, hata kama inaonekana.

Kama hakuna cheche, anza na umeme mdogo. Ufunguo ukiwa umewashwa, pima upande wa koili unaopokea umeme. Ukikosa kitu, fuata waya hadi kwenye swichi na fyuzi. Umeme ukiwepo, unga balbu ya kupimia kati ya upande wa pili wa koili na athi, kisha stata ipigwe. Balbu ikiwakawaka, pointi (swichi ndogo ndani ya distributa, kigawa cheche, inayokata umeme wa koili) zinafungua na kufunga. Ikibaki imewaka muda wote, pointi hazifungi au zina uchafu. Ikibaki imezimika, hazifunguki, kondensa imeshoti, au waya mdogo ndani ya distributa unagusa bodi. Pointi za Series III huwekwa kwenye uwazi wa takribani milimita 0.35 hadi 0.40, na plagi kama 0.75 hadi 0.80. Pointi mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu kwenye nyuso zake, nayo yanatosha kuzuia umeme, hivyo zifutwe kwanza.

Dalili mbili zinastahili kukaririwa. Injini inayoshika wakati stata inapigwa na kuzimika mara tu ufunguo unapoachiwa, mara nyingi imeharibikiwa na rezista ya koili (kipande kinachopunguza umeme unaoingia kwenye koili), au waya wa rezista hiyo haukurudishwa wakati wa kufunga nyaya. Magari yenye rezista hutumia koili yenye upinzani wa omu 1.5 hivi, yasiyo nayo hutumia koili ya omu 3. Ukifunga ya omu 1.5 bila rezista itapata moto na kuunguza pointi, na ukifunga ya omu 3 pamoja na rezista utapata cheche hafifu. Pima kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Kinyume chake, injini inayoshika pale tu unapoachia ufunguo imekuwa ikikosa umeme wa koili wakati wa kupiga stata, na jibu liko kwenye waya wa kuruka rezista au kwenye hatua ya pili na ya tatu.

Umeme mdogo ukiwa sawa na cheche bado haipo, chunguza kifuniko cha distributa na rota (kipande kinachozunguka chini ya kifuniko hicho). Tafuta mistari myembamba myeusi ndani ya kifuniko, ambayo ni njia ya kaboni inayovujisha cheche. Kati ya Novemba na Mei, asubuhi zenye unyevu wa ziwa kule Igombe na Kayenze, kifuniko chenye ufa mdogo kinatosha kulaza gari hadi jua lichomoze. Kukifuta kwa kitambaa kikavu ni msaada wa siku hiyo tu.

Hatua ya saba: cheche ipo, lakini kwa wakati usio wake

Hitilafu hii hulipata gari lililofufuliwa karibu peke yake. Injini inazunguka, cheche ni nzuri, petroli inafika, na jibu lote ni mlipuko kwenye kabureta au kwenye egzosi. Pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili katika mzunguko mmoja kamili wa kazi, mara moja ikiwa imebana hewa na mara nyingine ikiwa inatoa moshi, na alama kwenye puli hazitofautishi nyakati hizo. Fundi akifunga distributa kwa kufuata alama pekee, anaweza kuikosea kwa nusu mzunguko.

Fungua plagi ya silinda ya kwanza, ziba tundu kwa kidole, na uzungushe injini polepole kwa mkono, ufunguo ukiwa umezimwa. Hewa itakapokisukuma kidole, endelea hadi alama zikutane. Fungua kifuniko cha distributa: rota inapaswa kuelekea waya wa plagi ya kwanza. Ikielekea upande wa pili kabisa, hamisha nyaya zote za plagi nafasi mbili, ukiuheshimu mpangilio wa 1-3-4-2 wa injini hii na mwelekeo ambao rota inazungukia, ambao utauona kwa macho unapozungusha. Baada ya hapo taimingi (wakati wa cheche) irekebishwe kwa taa yake ya kupimia.

Gari likishawaka, pima betri kabla hujafunga boneti. Injini ikiwa juu kidogo ya saileni, mita isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikisoma 12.3 na kuendelea kushuka, alteneta au dainamo haichaji, na ndani ya siku chache utasikia tena ule mlio wa “ta-ta-ta-ta”, stata ikiwa haina hatia.